Wa Kushoto Hawaulizwi

Mikono hamsini na saba ilipanda juu kwa mara moja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya kushoto.

Niliiona papo hapo. Mtu mwingine angeona darasa zuri, watoto wamechangamka, kila mmoja anataka kujibu. Inspekta, Papa Constantin, aliyekaa nyuma kabisa, alikuwa ameinamisha kichwa anaandika. Maman Chantal, direktrisi wetu na mwenye shule, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekwisha kupewa barua yake mkononi. Lakini mimi nilisoma pedagojia, jamani, na mchezo huo naujua. Mtoto anayejua jibu anapandisha mkono wa kuume. Asiyejua anapandisha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kuume tu, kila jibu linakuwa zuri, na mgeni anaondoka anasifu.

Mimi sikuwafundisha watoto wangu upuuzi huo. Basi ni nani?

Nikatazama nyuma. Kando ya inspekta alikaa Guylain, mwalimu wa darasa la sita, mtoto wa pekee wa Maman Chantal, na mchumba wangu. Jumamosi ya juma lile lile jamaa yake ilikuwa ipande mpaka Walungu, kwa baba yangu, kutoa mahari. Alinitazama kwa macho yale ninayoyapenda, akanikonyeza kidogo. Tulia, mpenzi, nimekupangia yote. Ndivyo macho yalivyosema.

Nilimpenda mtu huyo. Na saa ile ile nilitamani kumtupia kifutio cha ubao katikati ya uso.

Siku yenyewe haikuwa ya kuchezea. Shule yetu ya Cimpunda ilikuwa haijatambuliwa na serikali. Kila mwaka watoto wa la sita walifanya mtihani wao kwa jina la shule nyingine, kama watoto wasio na kwao, na Maman Chantal aliumia sana. Miaka minane alikuwa akiingoja barua ya kutambuliwa. Juma moja kabla walimtangazia kwamba inspekta atatazama somo moja tu, hesabu, darasa la nne. Darasa la nne ni langu. Somo likienda vizuri, shule inapata barua, Maman Chantal anapata furaha, na mimi napata mama mkwe anayenipenda. Likiharibika, eh, kila mtu alijua nitakachokipoteza.

Nilikuwa nafundisha sehemu. Nilikuja na mche mrefu wa sabuni, nikaukata mbele yao, na ubaoni nikaandika robo na sehemu ya nane. Swali lilikuwa: kubwa ni gani?

"Bintu," nikasema. "Tuambie."

Bintu anakaa benchi la mbele, mtoto wa mama mmoja anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni Kadutu. Mkono wake ulikuwa juu, wa kushoto, umenyooka vizuri. Aliposikia jina lake alishtuka. Hakutazama sabuni wala ubao. Alimtazama Guylain. Nikasogea, nikainama karibu na uso wake.

"Sema, mama. Usiogope."

"Madame," alininong'oneza, midomo imekauka, "mi niko wa kushoto."

"Wa kushoto ni nini?"

"Monsieur Guylain alikuja jana, wakati ulienda kutafuta sabuni. Alisema ba kushoto habataulizwa."

Sauti yake haikufika mbali. Mimi peke yangu niliisikia, na hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuokoa kila kitu. Ningesema tu, haya Bintu, kaa, tumuulize mwingine. Wa kuume wangejibu. Inspekta angefunga daftari lake, na Jumamosi ningekuwa mke wa Guylain. Rahisi vile. Lakini yule mtoto alisema "niko wa kushoto" kama anavyosema niko wa Cimpunda, niko wa mama fulani. Alikuwa amelikubali kama jina lake. Damu ilinipanda kichwani.

"Mushushe mikono, wote," nikasema kwa sauti. "Sasa, mwenye hajui jibu asimame. Hakuna mwenye nitapiga, hakuna mwenye nitacheka."

Maman Chantal alikohoa, akakohoa tena. Guylain aliacha kutabasamu. Bintu alisimama wa kwanza. Kisha mmoja kule dirishani, kisha wawili, na mwishowe walikuwa wamesimama watoto thelathini na mmoja. Fishi yangu ya somo, ile karatasi ya maandalizi niliyoiandika siku tatu kwa kalamu ya rangi mbili, niliigeuza ikalala kifudifudi juu ya meza. Haikuwa na kazi tena.

Nilichukua vipande viwili vya sabuni vilivyo sawa. Kimoja nikakigawa kwa benchi la watoto wanne, kingine kwa benchi nililolijaza watoto wanane, wamebanana wanacheka.

"Bintu, ungependa ukae benchi gani?"

"Ya ba ine."

"Kwa nini? Juu ya nini?"

"Juu pale kipande iko kubwa."

"Basi kubwa ni gani?"

Alitazama sabuni. Alitazama ubao. Nikaona uso wake unafunguka polepole, halafu akapiga kelele: "Eh! Ni robo! Madame, ile nane iko inadanganya!"

Darasa zima liliangua kicheko, na mimi pamoja nao. Lakini sitawasimulia hadithi ya malaika. Kengele ilipolia, watoto tisa walikuwa bado wamesimama, hawajui, na sikuwaambia wakae ili nipendeze.

Ofisi ya Maman Chantal ni chumba kidogo cha mbao chenye meza moja na picha ya Bikira Maria. Tulikaa wanne, magoti karibu yagusane. Papa Constantin hakuwa mgeni kwangu wala kwa Guylain. Kabla ya kuwa inspekta alitufundisha mazoezi ya ualimu kule chuoni, Instituti, sisi wote wawili, na kuna desturi moja aliyotutia vichwani: somo likiisha, aliyefundisha anaanza kusema makosa yake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Madame Euphrasie," akasema, "desturi unaijua."

"Inspekta, utamusamehe," Maman Chantal akaingilia haraka. "Aliogopa kidogo, unajua, bado ni mutoto, akachanganya fishi—"

"Maman, mwenye alifundisha njo anaanza."

Chini ya meza nilisikia ncha ya kiatu cha Guylain inanigusa mguu, polepole, kwa upendo. Ninakuomba, kilisema kile kiatu.

Na mimi nilikumbuka mara ya kwanza aliponiomba hivyo. Mwaka wetu wa pili Instituti, Guylain alifundisha somo lake la majaribio, mito ya Kongo, mbele yetu wote. Mikono ilijaa juu, majibu yakatoka safi, moja baada ya lingine. Nilikuwa nyuma na daftari langu, na kati ya wanafunzi wote waliokaa pale ni mimi peke yangu niliyeona kwamba hamwiti hata mmoja wa kushoto. Ilipofika zamu yangu ya kusema makosa yake, aligeuka akanitazama. Alikuwa mzuri, Mungu wangu, shati jeupe, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikasema, "Mimi sikuona kosa." Alipata pointi kupita sisi wote. Jioni alinisindikiza, akanunua mkate na avoka tukala tunatembea, akaniambia: "We ulijua na ulinyamaza. Kuanzia leo uko shahidi wangu." Tangu siku hiyo ndivyo alivyoniita, shahidi wangu, na kila alipolisema jina hilo nilisikia raha. Mjinga mimi! Tulisoma vitabu vilevile, kwa mwalimu mmoja, yeye akajifunza namna ya kupita na mimi nikajifunza kumfunika.

Basi nikasema.

"Papa Inspekta, kosa yangu ya kwanza: nilikuwa na batoto thelathini na mumoja wenye habakujua robo, na mimi sikujua kama habajui. Ya pili: ile mikono uliona ilikuwa ya kufundishwa. Kuume anajua, kushoto hajui."

Maman Chantal alishika msalaba wake wa shingoni.

"Nani alibafundisha?" akauliza Papa Constantin.

Niligeuka nikamtazama Guylain, na nikamngojea. Nilimngojea kwa moyo wote, naapa. Nilisema ndani yangu: sasa, mpenzi, sasa hivi, neno moja tu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Klasi ni yangu," nikasema. "Uandike jina yangu."

"Niliuliza nani alibafundisha. Sikuuliza klasi ni ya nani."

Papa Constantin alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Miaka saba imepita niliona mikono kama hiyo kule Instituti," akasema. "Niliiona vizuri. Nilijiambia, ngoja, mumoja kati yao atasema. Hakuna mwenye alisema, na mimi nikanyamaza, nikatoa pointi. Hiyo ni kosa yangu, siikatae." Akavaa miwani, akaandika mistari miwili. "Maman Chantal, leo barua haitoki. Nitarudi kisha ya Pasaka. Klasi hii hii, mwalimu huyu huyu. Kama nikikuta mwingine, sitaingia." Akainuka akatoka kwenda kutazama vyoo na madaftari ya majina, maana hayo nayo yalikuwa kazi yake.

Mlango haujafungwa vizuri nyuma yake, Maman Chantal akalipuka.

"Unajua hii shule niliianzia wapi? Mu salon yangu! Batoto kumi na mbili! Ubao ilikuwa mulango ya kabati! Sikusoma pedagojia yenu, mimi. Nilibeba matofali na hii mabega, na sasa we unakuja na diploma yako unanivunjia mbele ya serikali?"

"Maman, ile matofali ninaiheshimu. Kweli ya Mungu."

"Heshima gani! Utatoka pale inje sasa hivi, utapiga magoti mbele yangu na mbele ya ule inspekta, utasema ulichanganyikiwa, hakuna mikono, hakuna nini. Ao Jumamosi hatupande Walungu. Kaka yangu Chrispin njo alipaswa kutusemea kwa bakwe. Nitamupigia simu abakie ku nyumba yake."

Msifikiri mimi ni jiwe. Kule kwetu Walungu mama alikuwa amekwisha kuomba viti kwa jirani, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeanza kuchacha kwenye mitungi. Kila shangazi alikuwa ameshona nguo. Nilifikiri juu ya hayo yote.

"Umupigie, Maman," nikasema.

Akashika simu yake, akaanza kutafuta jina.

Nilitoka nje nikapita nyuma ya darasa la nne, mahali ambapo ukuta unaishia na unaona mabati ya Cimpunda yote yanashuka, na chini kabisa ziwa. Guylain alinifuata mbio. Alinishika mkono. Sikuuondoa, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Euphrasie. Piga magoti. Ni dakika moja, inaisha."

"Kwa kosa ya nani?"

"Shahidi wangu—"

"Usiniite vile! Leo imeisha. Sitaki kusikia ile jina tena."

Macho yake yalijaa maji, na mimi sijawahi kumwona Guylain analia, hata siku tuliyomzika baba yake.

"Nilifanya juu yako," akasema. "Nilitaka upite."

"Mi nilishapita, Guylain. Diploma yangu iko ku ukuta kwa baba, ameipigilia misumari ine. Nani alikuambia sitaweza?"

"Batoto makumi tano na saba mu klasi moja! Nani anaweza? Hata Papa Constantin hawezi. Ile mambo ya Instituti, kila mutoto, kila mutoto, ni ya mu vitabu. Huku ni Cimpunda."

"Bintu ni wa mu vitabu?"

Aligeuza uso kutazama ziwa.

"Leo umeona ameelewa ao haukuona? Sema!"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Unafikiri nilifurahi?" Sauti yake ilipasuka. "Niliona ile sura yake wakati alielewa, na nikajiuliza, mimi lini nimeona mutoto vile? Miaka sita ninafundisha. Miaka sita, Euphrasie! Mwenye anajua ninamuuliza, mwenye hajui ninamuruka. Nikisimama mbele ya mutoto mwenye hajui, sijui nitaanzia wapi. Kule Instituti nilijifunza kupita tu. Sikufikiri kama walikuwa banafundisha kitu ingine."

Hayo hakuwahi kuniambia. Miaka saba tunapendana, ameniambia habari ya kila ndoto na kila ugonjwa, lakini hilo alilificha. Nilimhurumia sana. Ningeweza kumkumbatia pale pale na kumwambia tusahau. Mkono wake ulikuwa bado katika wangu, una joto, una vumbi la chaki kwenye kucha, na nilijua vizuri sana maisha yangu yatakuwaje bila mkono huo.

"Pole," nikamwambia. "Pole sana, mpenzi. Ile kitu tungeisema tangu zamani, tungeitafutia dawa. Lakini haikunikasirisha ile."

"Njo nini?"

"Ulinyamaza. Mule ofisi nilikungojea, na we ulitazama viatu yako."

"Mama yangu alikuwa pale!"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Alijifuta macho kwa mkono wa pili.

"Mi nilikuwa pale, Guylain. Walikuwa banaandika jina yangu mu daftari ya inspekta, na mwanaume mwenye atanioa Jumamosi alikuwa anahesabu kamba za viatu." Nikauondoa mkono wangu, na nawaambia kweli, uliniuma kama nimeung'oa. "Ninakupenda. Hiyo haitabadilika, hata mama yako akipiga simu mpaka Roma. Lakini sitapiga magoti. Na sitaolewa na mutu mwenye ananyamaza wakati mi ninaumia."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Mi si mwalimu wako."

Nikamwacha. Nilikuwa na darasa langu, na wale tisa walikuwa bado hawajui robo.

Nilifika mlangoni, sikuingia. Nilimsikia anapita nyuma yangu kwa hatua ndefu, anakata uwanja katikati, mbele ya madirisha yote yaliyojaa vichwa vya watoto. Papa Constantin alikuwa ametoka upande wa vyoo, anapangusa viatu kwa nyasi, anajiandaa kuondoka. Kwenye mlango wa ofisi Maman Chantal alikuwa amesimama na simu sikioni, anampigia kelele kaka yake.

"Papa Inspekta!"

Guylain aliita kwa nguvu, shule nzima ikanyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Njo mimi nilibafundisha mukono ya kushoto. Euphrasie hakujua. Na ile siku ya mito ya Kongo pia, kule Instituti. Futa jina yake, uandike yangu."

Watoto walikuwa wanasikia kila neno. Mwalimu wao, Monsieur Guylain, mwenye suruali ya mstari, alikuwa amesimama pale uwanjani mikono imelegea, na hakuna aliyemlazimisha.

"Ilikuchukua wakati," akasema inspekta, akatoa kalamu.

"Niko na ombi, Papa."

"Ombi? Leo?"

"Jumamosi ninapanda Walungu kwa baba ya Euphrasie. Mama amekataza jamaa isiende. Sina mutu wa kunisemea."

Kwetu kijana haendi kwa wakwe peke yake kama muuza kuku. Anasimama nyuma, mkubwa wake anasema, anamtaja baba na babu, anaeleza mtoto huyu ni wa nani na ana tabia gani. Bila mkubwa, hata kiti hupewi. Guylain alilijua hilo vizuri.

"Ninakuomba wewe," akasema.

"Mimi?" Papa Constantin alijigusa kifuani. "Mimi mwenye nimetoka kunyima mama yako barua?"

"Unatujua sisi wawili tangu tuko batoto. Mabaya yangu yote unayo mu daftari. Ukisimama mbele ya baba yake, hautasema uongo."

Nilijishika kwenye mlango. Nilikuwa nacheka na kulia, vyote kwa pamoja, na watoto wangu walikuwa wananivuta sketi wanauliza, "Madame, nini? Madame, unalia ju ya nini?" Guylain aligeuka akanitazama kutoka kule mbali. Hakunikonyeza. Alitazama tu, uso wazi, kama mtu anayengoja kuambiwa kama amekosea au amepata. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

"Ni saa ngapi?" akauliza Papa Constantin. "Na barabara ya kule iko namna gani siku hizi? Matope?"

"NINI?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Maman Chantal. Alikuja anakata uwanja, kitenge kinafunguka, simu bado mkononi.

"Guylain! Mutu wa serikali njo ataita jina ya marehemu baba yako mbele ya bakwe? Huyu? Anajua babu yako alitoka mulima gani? Anajua nani alioa nani?"

"Hajui, Maman. Nitamufundisha mu njia."

"Hautamufundisha kitu! Walungu muzima bacheke, baseme Chantal hana ndugu, Chantal anakodisha inspekta? Ningali hai? Aka!" Akairudisha simu sikioni. "Chrispin! Uko unasikia? Sahau yenye nilisema. Jumamosi, saa mbili ya asubui, uvae koti nyeusi. Hapana, usiniulize! Uvae tu!"

Alikata simu. Papa Constantin alijifanya anasoma daftari lake, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Guylain alitaka kumshika mama yake mkono, Maman Chantal akamsukuma. Kisha akanijia mimi, moja kwa moja, akasimama hatua mbili kutoka mlango wa darasa langu, kidole mbele ya pua yangu, watoto hamsini na saba wote wanatazama.

"Ninapanda Walungu juu ya mutoto wangu," akasema. "Unasikia? Juu ya mutoto wangu, hapana juu yako. Na we, Euphrasie, kuanzia leo mpaka siku nitakufa, mi sitakusemesha hata neno moja."

"Hakuna shida, Maman," nikamwambia. "Nitakusemesha mimi."